Jicho la Beldina

Hakuna mtu mtaani Nyalenda aliyeogopa asubuhi kama Beldina. Aliamka lakini hakuthubutu kufumbua macho. Alilala chali, akalowesha jicho la kulia kwa kitambaa chenye maji, polepole, huku akimwomba Mungu. Siku nyingine lilifumbuka salama. Siku nyingine, woi! Kama mtu amempitishia wembe, na machozi yakamtoka hadi saa sita.

Ilianza mwaka wa themanini na saba akivuna mpunga Ahero. Jani lilimchapa jichoni. Kidonda kikapona, kikarudi, kikapona, kikarudi. Miaka minne! Jicho likawa jekundu daima, linalia bila msiba.

Maumivu angeyavumilia. Shida ilikuwa midomo ya watu. Beldina aliuza nyoyo, yaani mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, karibu na bomba la maji. Siku moja Nekoye, mtoto wa jirani yake, alikula pale akaumwa tumbo. Basi wakasema mama huyu ni jasihoho, mtu ambaye akikutazama ukila, chakula kinakugeukia tumboni. Si mnaliona lile jicho? Eti! Kwani Nyalenda ni watoto wangapi huumwa tumbo kwa maji yale? Lakini wateja walianza kubeba chakula wakale mbali, kisha wakaacha kuja kabisa.

Binti yake Lornah, aliyeolewa Migosi na mwenye mimba yake ya kwanza, alikasirika sana. "Mama, achana na wajinga hao. Huu ni ugonjwa, na ugonjwa una daktari." Akamshika mkono hadi hospitalini.

Daktari Wakhisi alimpima kwa mashine yenye mwanga, akamweleza. Ngozi nyembamba ya juu ya jicho haikushika pale ilipokwaruzwa. Akilala inagandana na kope, akifumbua inabanduka. Angeiondoa iliyolegea, kisha adunge vitundu vidogo vidogo pale chini ili ngozi mpya ishike.

"Sindano ndani ya jicho, Daktari?"

"Nitakuwekea dawa ya ganzi, Mama. Kazi yako ni moja, usitingishike."

"Na wekundu utaisha?"

"Utaisha."

"Basi dunga. Sitaki mjukuu wangu anikute na jicho hili."

Hakutingishika hata kidogo. Alifungwa bandeji, akapewa mafuta ya kutia jichoni kila anapolala. Mwezi wa tatu baada ya hapo akajikuta ameamka na kufumbua macho bila hata kufikiria. Alikaa kitandani akalia kwa furaha.

Lornah alipojifungua, Beldina alivaa gauni lake la kanisani akaenda Migosi. Lornah alimshika uso kwa mikono miwili, akalitazama lile jicho, jeupe, tulivu. "Umepona, Mama! Haki umepona!" Wakacheka, wakalia, Beldina akapakata mjukuu wake, Adero, akamwita jina lake mara nyingi.

Kisha mtoto akalia njaa. Lornah akamchukua, akaanza kufungua blauzi, akasita. Alimtupia mama yake jicho mara moja tu, akageukia ukuta, akajifunika leso yeye na mtoto.

"Kuna baridi, Mama," akasema.

Ilikuwa saa nane mchana, na mabati yalikuwa yakiwaka kwa jua.

Beldina aliumia kuliko alivyowahi kuumizwa na jicho lile. Angekasirika angekuwa na haki, maana ni Lornah huyu huyu aliyewaita watu wajinga. Lakini aliyaona mabega ya bintiye yakitetemeka chini ya leso, akamhurumia. Akasimama.

"Nitangoja nje, nyathina, mwanangu," akasema. "Akishiba, uniite."