Baba Alimpelekea Afisa Maneno ya Mdogo Wangu

Wapendwa wa ukurasa huu, jina langu limefichwa kwa ombi langu, na nawaomba na nyinyi msinitafute. Mimi ni msichana wa miaka kumi na saba, niko kidato cha tatu, nyumbani ni upande wa Chakol. Baba ni mkulima wa mihogo na mzee wa kanisa. Mama huuza omena, wale dagaa wa ziwani, sokoni. Naandika kwa sababu ya mdogo wangu wa miaka kumi na mitano, ambaye hapa nitamwita Samweli.

Samweli aliacha shule akaanza kushinda Malaba, mpakani, kwenye foleni ya malori. Siku moja yeye na wenzake walikamatwa wakinyonya dizeli kwenye tangi la lori wakati dereva amelala. Mahakama ikampeleka kwenye nyumba ya kurekebisha watoto, mbali na kwetu. Baba alisema, "Wacha wamnyoroshe. Mimi nimeshindwa." Sikumlaumu, kwa maana alikuwa amejaribu.

Tulipomtembelea mara ya kwanza, Samweli, ambaye hata kanisani alikuwa hawezi kunyamaza, alitusalimia kwa mikono miwili, macho chini. Mama alifurahi sana. "Ona vile amepata heshima," akaniambia. Alikuwa amebeba jogoo, akampa afisa anayewalinda, ambaye huko wote humwita mwalimu. "Huyu ni wako, mwalimu. Asante kwa kutusaidia na huyu mtoto." Samweli alimtazama yule jogoo akipelekwa jikoni.

Mara ya pili afisa aliitwa langoni, tukabaki na Samweli peke yetu kwa muda mfupi. Akavua kiatu haraka. Wayo wake ulikuwa umevimba na una mistari.

"Papa, hapa tunachapwa nyayo na waya," alisema. "Ukilia, anaanza upya. Ni huyo mwenye Mama alimpatia kuku. Usimwambie mtu wa hapa. Ambia watu wa nje."

Mama alishika mdomo. Baba alisimama, na nilidhani tunaondoka kwenda kutafuta msaada. Lakini inafaa mjue baba yangu ni mtu wa namna gani. Majirani wakigombana humwita yeye, na utaratibu wake ni mmoja: mlalamishi na mshtakiwa wakae pamoja, kila mmoja aseme mbele ya mwenzake, halafu washikane mikono. Kumsema mtu akiwa hayupo, kwake ni dhambi. Kwa hiyo afisa aliporudi, baba alimwita.

"Mwalimu, kijana yangu anasema unawachapa nyayo. Mimi sipendi maneno ya chini chini. Mko hapa wote wawili, hebu mmalize."

Afisa alicheka tu. "Mzee, hawa vijana wa Malaba wako na mdomo. Si alijiumiza akicheza boli bila viatu? Samu, ambia mzee ukweli."

"Ndio, mwalimu," Samweli akasema.

Baba akawaunganisha mikono. Njiani tukirudi alisema kesi imeisha vizuri.

Tuliporudi mwezi uliofuata tukaambiwa Samweli ni mgonjwa, haoni wageni. Safari iliyofuata aliletwa akichechemea. Alikula mihogo ya Mama akiangalia mlango. Nilimsogelea nikamuuliza kwa Kiteso, lugha ya kwetu, kuna nini. Akajibu bila kunitazama, "Dada, msikuje tena. Mkikuja, mkienda naumia."

Baadaye bibi mmoja wa ofisi ya watoto alikuja shuleni kwetu kutangaza mafunzo ya wazazi wenye watoto katika nyumba hizo. Alitueleza kidogo tukawaambie nyumbani: mzazi aombe kuonana na mtoto faragha, amuulize anamwogopa nani, amtazame anavyotembea, asidhani ukimya ni adabu. Kisha akasema mzazi asipeleke maneno ya mtoto kwa mtu ambaye mtoto atabaki mikononi mwake. Ayapeleke nje, kwa ofisi ya watoto au kwa hakimu. Niliinamisha kichwa kwenye dawati ili wenzangu wasinione nikilia.

Nilimweleza baba kwa upole, baada ya chakula. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sasa mimi nifundishwe kulea na watoto wa ofisi?"

"Si kulea, Papa. Ni kujua vile ya kumuuliza Samweli."

"Nilimuuliza. Mbele ya mwenyewe. Wakasalimiana. Unataka nifufue kesi imeisha?"

Mama alisema polepole, "Na watu wakituona kwa hayo mafunzo, si watajua sisi ndio wazazi wa wezi?"

Mafunzo ni Jumamosi hii, Busia mjini. Nimemwomba Mama mara nyingine, akaniambia nisome vitabu vyangu. Baba yangu si mtu mbaya, tafadhali msimtukane hapa. Anampenda Samweli, humtaja katika kila sala. Ila anaamini kila mtu akishika mkono wa mwenzake ameahidi kitu.

Nimefikiria kwenda ofisi ya watoto peke yangu baada ya masomo. Yule bibi alikuwa na uso wa kusikiliza, na hicho ndicho kitu kidogo ninachokitumainia. Lakini naogopa. Wakipiga simu kule kuuliza, simu itapokelewa na nani? Itakuwa ni mimi sasa niliyempelekea yule afisa maneno ya mdogo wangu. Na baba akijua nilimzunguka, sijui kama atanisamehe.

Wazazi mnaosoma hapa, hasa nyinyi akina baba, niambieni binti yenu angetumia maneno gani mkakubali kwenda. Na kama hakuna maneno hayo, nishaurini: niende mwenyewe, au nimngoje baba aelewe? Nikimngoja baba, Samweli yeye amngoje nani?