Mayai ya Kobe Jikoni kwa Mkamwana

Kobe wa baba alikufa kwa kukanyagwa na Fuso lililokuwa likirudi nyuma kupakia ndizi. Ilikuwa ile miaka biashara ilipofunguliwa, wachuuzi wa Dar es Salaam wakawa wanaufuata mkungu mpaka uani kwa mtu. Kobe huyo alikuwa ametembea uani kwetu, hapa mtaa wa Bagamoyo, Tukuyu, muda mrefu kiasi kwamba majirani walikuwa tayari kuapa kuwa aliwaona Wajerumani. Ukweli ni kwamba baba alimleta kutoka Usangu alipokwenda kununua mpunga, akampa mama. Mama alipofariki, kobe aliendelea kwenda mlangoni kwa jiko kila asubuhi kungoja maganda ya ndizi, na baba aliendelea kukaa kwenye kigoda akimtazama anavyongoja.

Tulimzika. Baba alivaa koti. Halafu akavua koti, akachukua jembe, akaenda moja kwa moja chini ya mgomba ambako alikuwa amemwona akifukua kwa miguu ya nyuma siku chache kabla ya Fuso. Alitoka na karai lililojaa udongo na mayai meupe ya mviringo, kama mipira ile ya kuchezea mezani. Baba wa mayai hayo hakuwa na utata: ni dume la jirani, ambalo lilivuka uzio wetu mara nyingi kuliko jirani mwenyewe.

"Humu yumo wa mama yako," baba aliniambia. Alitaka kobe mmoja atoke humo, na hakutaka mwingine yeyote.

Tatizo lilikuwa Tukuyu yenyewe. Nguo iliyoanikwa hapa Krismasi hukauka Pasaka. Kobe wa Usangu amezoea jua la kukaanga mtu, na yai lake halina habari na ukungu wetu. Mimi nilikuwa nimetoka kumaliza kidato cha nne kwa masomo ya jioni, katika umri ambao wenzangu walikuwa wanatuma watoto wao shule, na elimu ilikuwa bado ya moto kichwani. Nikachukua boksi la redio ya kaseti iliyotoka Dubai, nikaweka mchanga, nikaning'iniza balbu. Lilipata joto zuri kabisa. Paka alihamia juu yake. Ndipo ukaja mgao wa umeme. Baba alilichungulia boksi lililojaa giza, akasema:

"Elimu yako imezimika."

Mahali penye joto la kudumu katika nyumba yetu palikuwa pamoja tu, jikoni, pembeni ya mafiga, ambako moto hufukiwa majivu na hauzimiki. Lakini jiko lilikuwa la mke wangu, na hapo ndipo ilipoanza kazi.

Kwetu mkamwana na baba mkwe wanaogopana. Si ugomvi, ni heshima. Hawatazamani usoni, hawakai chumba kimoja, wakikutana njiani mmoja anaingia migombani. Makanisa yalikuwa yameshalegeza jambo hilo katika nyumba nyingi, lakini baba, pamoja na uzee wake wa kanisa, hakulegeza hata uzi. Mke wangu naye alilelewa Masoko na bibi aliyeweza kukimbia kilomita nzima kwa kusikia kikohozi cha mkwewe. Kwa hiyo maneno yote kati yao yalipitia kwangu. "Mwambie chai imezidi majani." "Mwambie baba ugali uko tayari." Nilikuwa nimesafiri kati ya jiko na sebule umbali wa kufika Mbeya na kurudi, mara nyingi tu.

Baba alichagua siku ambayo mke wangu amekwenda sokoni, akaingia jikoni na chungu kikubwa cha kande. Akatia udongo wa shimo la kobe mwenyewe, mabonge kwa mabonge, akapanga mayai juu, na kila moja akalitia alama ya mkaa upande wa juu. Mfanyabiashara mmoja wa mchele alikuwa amemweleza kwamba yai la kobe haligeuzwi. Lilivyolala ndivyo linavyobaki mpaka mwisho. Alama ilikuwa ya hilo, na kwake ilikuwa wazi kama jua, hata hakuniagiza neno.

Mke wangu aliporudi akaona chungu, akaona alama za mkaa. Kwake pia ilikuwa wazi kama jua. Mwanamke gani wa Rungwe asiyejua mayai yenye mkaa? Ni ya kutotoa, na yai la kutotoa lisipogeuzwa kifaranga anaganda upande mmoja. Kuku hugeuza mwenyewe. Hapa kuku hayupo, basi kuku ni yeye. Akayageuza yote, alama zikaenda chini. Kumuuliza mkwe juu ya mayai, tena kwa kunituma mimi, aliona ni kukosa adabu.

Alipotoka kwenda shambani, baba akaingia. Akakuta alama ziko chini. Akayarudisha.

Ikawa ndiyo maisha yao. Asubuhi yeye, mchana mzee, miezi ikapita. Nadhani katika historia ya dunia hakuna mayai yaliyosafiri hivyo bila kutoka chunguni.

Baba alifurahi sana. Jioni moja alinivuta pembeni.

"Hawa watoto wana nguvu," alisema. "Kila nikiingia, wamejipindua."

"Ndani ya yai, baba?"

"Ndani ya yai! Mama yao alikuwa hivyohivyo. Msumbufu."

Wiki hiyohiyo mke wangu, akimenya viazi vya Isongole, akaniambia bila kuinua macho:

"Mayai ya baba yako yana wazimu. Nayalaza hivi, nikirudi yamelala vile."

"Unayalaza wewe?"

"Sasa nani? Wewe?"

Nilicheka. Nilicheka mpaka nikakaa juu ya kuni. Halafu nikakumbuka habari ya mfanyabiashara wa mchele, ambayo baba alikuwa ameisimulia mezani, na mezani kwa baba mke wangu hakai. Nikamweleza. Kisu kilisimama katikati ya kiazi.

"Kwa hiyo nimeyaua," alisema.

"Hatujui."

"Nimemuulia mama wa watu kobe wake mara ya pili. Fuso na mimi."

Nilikwenda sebuleni nikamweleza na baba. Alisikiliza mpaka mwisho, akafikicha magoti kwa viganja vyake kama mtu mwenye baridi. Nilitegemea radi. Akasema, "Mwambie asiyaguse tena." Nilipofika mlangoni akaongeza, "Mwambie mimi pia siyagusi." Na kweli, hakuingia tena jikoni.

Yai la kwanza lilipasuka lenyewe, na harufu yake, sitii chumvi, ilimhamisha paka, ikamhamisha jirani, ikatishia kuihamisha wilaya. Lilikuwa maji matupu. La pili hivyohivyo. Mke wangu alianza kuyatoa moja moja na kuyazika migombani, na kila alipotoka na koleo baba aligeuza kigoda chake kutazama barabarani. Mwishowe mayai yenye mkaa yakaisha. Baba akaniambia chungu kirudi kwenye kazi yake ya kande.

Siku iliyofuata nilikuwa kwenye meza yangu ya mitumba. Mvua ikashuka ya kuvunja miavuli, wateja wakatawanyika, nikafunga mzigo nikarudi nyumbani mapema. Nilipokaribia uani nikasikia sauti mbili zinazungumza. Moja ya baba. Ya pili nilidhani ni ya jirani, kwa sababu akili ilikataa.

Baba alikuwa amechuchumaa nje ya mlango wa jiko, mvua ikimpiga mgongoni. Ndani, nyuma ya mlango uliofunguliwa nusu, mke wangu alikuwa amesimama, khanga kichwani, ameupa mlango mgongo. Kati yao, juu ya kizingiti, kulikuwa na ungo, na katika ungo bonge la udongo lililovunjika. Mke wangu alikuwa akimwaga chungu, bonge likapasuka, na ndani yake kulikuwa na yai ambalo baba hakuliona siku ya kwanza. Halikuwa na mkaa, na hakuna aliyewahi kuligeuza. Ganda lilikuwa na tundu, na kwenye tundu kulikuwa na pua.

"Inatikisika?" aliuliza mke wangu, akiuambia ukuta wa mbele yake.

"Imesimama."

"Imekufa, baba?"

"Imepumzika. Naona inavuta pumzi. Nibandue kidogo?"

"Hapana, baba! Usibandue!"

"Sibandui. Nimeuliza tu."

"Mkono uko wapi?"

"Upo magotini."

"Yote miwili?"

Baba akacheka, kicheko ambacho uani kwetu hakikuwa kimesikika tangu msiba. Nilikohoa kuwajulisha kwamba nipo, nikasema, "Baba, nimwambie nini..."

"Wewe ngoja hapo," baba alisema bila kugeuka. "Tunaongea."

Nikasimama chini ya paa na mzigo wangu wa mashati. Waliongea hivyo mpaka mvua ikakatika, yeye akieleza anachokiona, mke wangu akiuliza. Ungo ukarudishwa karibu na mafiga, na kesho yake kobe mdogo alikuwa nje kamili, mkubwa kama kiberiti, na hasira za kutosha tembo. Mke wangu alimweka kizingitini na ganda la ndizi, akarudi nyuma ya mlango.

"Anakula?" aliuliza.

"Anatazama kwanza," baba alisema.

Tangu siku hiyo, habari za kobe walizungumza wenyewe, mlango ukiwa kati yao, mke wangu akitazama ukuta. Kama kala, kama kalala, kama Fuso linaingia. Habari nyingine zote, chai, chumvi, sadaka ya Jumapili, waliendelea kunituma mimi.