Mafuta ya Kondoo Chini ya Ubao

Wewe unayenisikiliza, sogea kidogo, lakini kwanza nikuulize: umewahi kunusa mafuta ya mkia wa kondoo yaliyokaa juani siku tatu? Kama hujawahi, una bahati, na nitajitahidi kukueleza. Si harufu ya kitu kilichooza kabisa. Ni harufu nzito, yenye utamu wa uongo, inayokwama nyuma ya ulimi kama vile umelamba blanketi. Nikiipata leo, hata kwa mbali, mtu akifunua tu sufuria ya jirani, mate hunijaa mdomoni na lazima nitoke nje. Watu hudhani nina vidonda vya tumbo. Sina. Nina kumbukumbu ya msimu mmoja nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, pale senta ya Longonot, wakati sisi watoto tulipokuwa mashabiki sugu wa michezo ya theluji.

Ukitaka kucheka, cheka, kisha nikueleze ilivyokuwa. Baba yangu alifanya kazi ya reli, na tuliishi kwenye nyumba za mawe karibu na stesheni. Televisheni iliyoonekana vizuri ilikuwa moja tu, katika bucha ya mtu tuliyemwita Baba Shiru. Meneja wa shamba moja la maua alipohama alimwachia dishi lake, na dishi hilo halikukubali stesheni nyingine ila moja ya michezo ya ng'ambo. Miezi ile ile ambayo kwetu jua linapasua midomo, kule kwao theluji huwa imefika magotini. Kwa hiyo juu ya kaunta, kati ya matumbo yaliyoning'inia na nzi waliojaa hadi kwenye kisu, kulikuwa na watu wenye miwani mikubwa wakiteleza milimani. Wateja walilalamika. "Baba Shiru, weka mpira, bwana. Hao wanakimbilia nini na hiyo baridi? Si wakae kwa nyumba." Naye, akigeuza mbavu motoni, hujibu bila kuwatazama: "Mpira uko kwako. Mimi nikiangalia hiyo theluji sisikii joto ya jiko."

Sisi watoto hatukuruhusiwa kuingia. Tulitazama kupitia wavu wa dirisha, na hapo ndipo palipokuwa na tatizo: friji ya soda ilificha nusu ya kulia ya televisheni. Sasa fikiria mchezo tulioupenda kuliko yote, ule wa kuruka na skii, zile mbao ndefu za miguuni. Mtu anashuka kwenye mteremko mrefu, anajirusha hewani akiwa amelala juu ya upepo, skii zake zimefunguka kama mkasi, anaruka kutoka kushoto kwenda kulia, halafu anapotelea nyuma ya friji. Msimu mzima hatukuona hata mmoja akitua. Rafiki yangu Naserian, ambaye nyumbani kwao walifuga kondoo upande wa pili wa reli, aliteseka kuliko sisi sote. Kila mwanamume aliyetoka bucha alimshika shati: "Ametua?" Nao, mafuta yakiwachuruzika kidevuni, humjibu, "Ameanguka. Amekufa," kisha hucheka mpaka vipande vya nyama viwatoke mdomoni. Siku moja alilia kweli kweli, mpaka Baba Shiru akatoka na kisu mkononi kumwambia kwamba mtu yule yuko hai na anakunywa chai. Niliwachukia wanaume wale. Nilijiona mtu mwema kuliko wao.

Maana mimi ndiye niliyekuwa mwalimu. Kiingereza changu kilikuwa afadhali kuliko cha wenzangu, kwa hiyo nilisikiliza watangazaji na kuwafafanulia wengine, polepole, nikirudia hadi mdogo wa mwisho aelewe. Niliwaeleza kwamba kuruka mbali hakutoshi. Wapo waamuzi watano wanaotazama mtindo, alama ya juu kabisa na ya chini kabisa hutupwa, na zinazobaki hujumlishwa. Niliwaeleza kwamba anayetua vizuri hutanguliza mguu mmoja, hukunja magoti na kufungua mikono, ingawa jambo hilo mimi mwenyewe nilikuwa nimelisikia tu. Nilipenda kuona uso wa mtu ukifunguka anapoelewa. Bado napenda.

Nyuma ya stesheni kulikuwa na mteremko wa jivu la volkano, la kijivu na jepesi, unaloweza kulichota kwa mkono kama unga. Hapo ndipo tulipofanyia mashindano yetu. Tulikata jerikeni, tukapigilia plastiki yake chini ya ubao, tukafunga kamba ya kushikilia mbele, tukashuka tukiwa tumesimama. Makelele yetu dirishani yalipomchosha Baba Shiru, alitoka akasema, "Skizeni. Jumapili ni fainali. Atakayeshinda huko kwa kilima chenu atakaa hapa ndani, kwa benchi, kando yangu. Wengine mnyamaze." Naserian alinishika mkono kwa nguvu. Jumatatu baba yake angehamisha kondoo kuelekea Suswa kutafuta majani, naye angeenda nao. Hiyo ndiyo ilikuwa nafasi yake ya pekee ya kuona mtu akitua.

Wiki hiyo televisheni ilionyesha mafundi wakipaka nta chini ya skii na kuipitisha pasi ya moto. Dirisha zima lilishangaa: wanapiga mbao pasi? Nikawaeleza kwamba nta hufanya ubao uteleze, na kwamba hakuna bingwa anayeshuka bila kupaka. "Sisi tutapaka nini?" akauliza Naserian, kisha akajijibu mwenyewe. Alhamisi alileta mafuta ya mkia kutoka kibuyu cha bibi yake, yamefungwa kwa jani la mgomba, ndani ya gunia alilolitundika begani. Tukayaficha juu ya jiwe hadi Jumamosi, na jua likayafanyia kazi yake.

Ijumaa jioni nilienda peke yangu kujaribu. Nilipaka kidogo, nikasimama, nikajisukuma. Ubao ulisogea hatua tatu ukagoma, nami nikaanguka kifudifudi. Nilipougeuza nilielewa mara moja. Theluji hainati kwenye nta, lakini jivu hunata kwenye mafuta. Chini ya ubao palikuwa pamejaa tope zito la kijivu linalonuka. Nikalikwangua, nikapangusa kwa gunia kavu nililotoka nalo nyumbani, nikashuka tena, na safari hiyo niliruka kama wale wa kwenye televisheni. Nilisimama pale chini nikihema. Nilijua jambo ambalo wenzangu hawakulijua, na lilikuwa kosa langu mimi niliyewafundisha. Ingenichukua dakika moja kulieleza.

Jumamosi asubuhi, siku ya mashindano yetu, watoto saba walipiga magoti jivuni wakipaka mafuta kwa viganja. Nzi walikuja. Naserian alipaka tabaka mbili, kwa uangalifu, akiniuliza, "Hapa imetosha, Nekesa? Na hapa?" Nikamwambia ongeza kidogo pale mbele. Nilisema hivyo, kwa sauti ile ile ya upole. Kisha nikaubeba ubao wangu nyuma ya kichaka cha leleshwa, nikaupangusa kwa sketi yangu ya shule hadi ukakauka. Unaweza kukisia yaliyofuata. Walikwama mmoja baada ya mwingine kama ng'ombe kwenye tope. Naserian alijisukuma kwa nguvu zake zote, ubao ukagoma, yeye akaendelea. Alipoinuka, magoti yake yalikuwa yamechubuka, damu imechanganyika na jivu na mafuta, na nzi walishatua hapo. Mimi nilifika chini nimesimama wima.

Jumapili nilikaa kwenye benchi. Sketi yangu ilinuka hata baada ya kufuliwa mara mbili, na Baba Shiru alikunja pua akasema, "Mtoto, wewe unanuka kuliko bucha yangu." Kisha yule mrukaji tuliyempenda mimi na Naserian alijirusha hewani, akapita mahali ambapo friji huanza, na nikaona. Alishuka taratibu, mguu mmoja mbele, magoti yamekunjwa, mikono imefunguka kama mtu anayempokea mgeni. Kutoka dirishani nikasikia sauti ndogo: "Ametua? Nekesa, ametua vipi?" Nikageuka nikamweleza kila kitu, vizuri, kwa subira. Na nilipomaliza nikaongeza, "Unaona? Amekunja magoti. Wewe jana hukukunja, ndiyo maana ulianguka. Lakini usijali, utajifunza." Aliitikia kwa kichwa akanishukuru. Mkate na mandazi ya asubuhi yalinipanda kooni hapo hapo, nikatapika kando ya kaunta, na wale wanaume wakacheka.

Wanaume wale walimdanganya kwa kumkejeli, na kila mtu aliona ni kejeli. Mimi nilimdanganya kwa kumtia moyo. Mpaka leo sijui kitu kinachonikinaisha kuliko sauti yangu ile.

Siku hizi ninaishi Nakuru, na michezo ya theluji naitazama kwenye simu, skrini nzima, bila friji mbele. Nimesikia kwamba sasa hata kule wanapima skii kwa mashine kabla ya mbio, wakitafuta nta iliyokatazwa, nami nacheka peke yangu. Mwaka jana Naserian alikuja mjini kumwona binti yake anayesoma hapa, akapita kwangu kunywa chai. Nikamwonyesha mrukaji mmoja akitua. Alitazama mara tatu. "Ona magoti," akasema. "Watoto wangu wote nimewafundisha hivyo. Wakishuka korongo na maji, nawaambia kunja magoti. Mimi sikujua kukunja, nikakosa benchi. Ulinifundisha wewe."

Nikaweka kikombe chini nikamwambia. Yote: Ijumaa, tope, leleshwa, sketi. Alinirudishia simu. Kisha akauliza, "Ijumaa ulipangusa na nini?"

"Gunia."

"Kavu?"

"Kavu."

"Nilikuwa na gunia begani Jumamosi ile yote, Nekesa." Akaiangalia chai yake. "Lile lile nililobebea mafuta. Upande mmoja ulikuwa mkavu kabisa."

Hakukasirika kwa namna ambayo ningeweza kuiombea msamaha. Alimaliza chai, akaniachia salamu za mama yake, akaondoka. Tangu siku hiyo tumezungumza mara mbili kwa simu, habari za mvua.

Kwa hiyo nakupa wewe maelezo niliyopaswa kuyatoa asubuhi ile, na ukiwa na mtoto anayecheza kwenye miteremko ile, mfikishie. Usipake kitu chochote chini ya ubao. Upindue, upanguse kwa gunia kavu mpaka plastiki ing'ae, kisha mpe gunia anayekufuata.