Blauzi ya Kupigia Picha

Mwaka wangu wa mwisho shuleni, Waingereza wakiwa bado wanatawala, masista walitutangazia kwamba kila msichana wa darasa letu angepigwa picha peke yake. Miaka ya nyuma darasa zima lilipangwa kwenye ngazi za kanisa, likapigwa picha moja, na ukitaka kujiona ulitafuta kichwa chako kati ya vichwa vya wenzako. Safari hii Mhindi mwenye studio mjini Tororo angekuja na kamera yake, na kila mmoja wetu angekaa kwenye kiti mbele ya pazia. Nakala moja ingetundikwa ukumbini, nyingine tungeipeleka nyumbani. Sare zetu zilikuwa zimepauka kwa kufuliwa, kwa hiyo tuliambiwa kila mtu atoke kwao na blauzi nyeupe ya mikono mirefu, yenye kola ya duara.

Jumamosi iliyofuata nilipewa ruhusa, nikapanda basi la Busia. Kwetu palikuwa mwendo wa nusu saa kwa mguu kutoka mpakani, upande wa Uganda. Baba alilima pamba. Mama alikuwa mshonaji. Alijifunza kwa masista kabla hajaolewa, na cherehani chake cha mkono kilikaa chumbani kimefunikwa kwa kitambaa, kama kitu cha kanisani. Kanzu zote za wanakwaya wa parokia yetu alizishona yeye.

Lakini mwaka ule macho yake yalikuwa yanakwisha. Mwanzoni alisema ni moshi wa jikoni. Baadaye akaanza kugonga mlango kwa bega na kumimina chai nje ya kikombe. Baba alimpeleka hospitali ya Tororo, daktari akasema ugonjwa umeshakula mshipa ulio nyuma ya jicho; kilichopotea hakitarudi, na kilichobaki nacho kitakwenda. Hakusema lini.

Nilipomweleza habari ya picha, mama aliuliza itachukua muda gani kufika.

"Wiki tatu mpaka ipigwe," nilisema. "Halafu labda mwezi."

"Waharakishe. Nataka nikuone ningali naona."

Baba alisema angenipeleka Busia kwa mmoja wa mafundi wanaoshonea kwenye baraza za maduka. Mama alikataa.

"Mwanangu anamaliza shule halafu avae nguo ya fundi? Nitashona mwenyewe."

Baba alinitazama, akatoka nje kwenda kuangalia ng'ombe ambao hawakuwa na shida yoyote.

Mama alishona Jumamosi ya pili, nilipopewa ruhusa tena. Tulimtolea cherehani uani, mahali penye jua kali, akageuza kiti mara tatu akitafuta mwanga. Hakutumia futi. Alinipima kwa mikono, shubiri kwa shubiri, mabega, kifua, urefu wa mkono, na vidole vyake vilikuwa baridi ingawa jua lilikuwa kali. Kutunga uzi kwenye sindano kulimchukua muda mrefu. Aliulowesha kwa mate, akakosa, akaulowesha tena. Niliponyoosha mkono nimsaidie, alirudisha sindano kifuani kwake.

"Acha. Naiona."

Dada yake baba, ambaye sisi tulimwita senge, alikuwepo siku hiyo. Aliolewa upande wa Kenya, na siku zile ulivuka tu mtaro wa mpakani ukafika kwao, kwa hiyo alikuja kwetu karibu kila wiki. Alikaa kwenye mkeka akimenya karanga, na kila cherehani kiliponyamaza aliinua macho.

Jioni blauzi ilikuwa tayari. Upande mmoja wa kola ulikuwa mpana kuliko mwingine. Mshono wa bega la kushoto ulipanda na kushuka, na mkono mmoja ulikuwa umeshonwa nje ndani, mapindo yakionekana. Niliivaa. Mama alinizunguka akinigusa mgongo na mabega.

"Iko sawa?"

Nilimtazama senge. Yeye alitazama karanga zake.

"Iko sawa, mama," nikasema.

Shuleni niliificha chini ya sanduku. Wiki ya picha hatukuzungumza kingine. Wenzangu walikatana nywele, wakapakana mafuta usoni kujaribu yapi yanang'aa zaidi, wakakaa kwa zamu kwenye stuli ya jikoni wakijizoeza kunyoosha shingo. Mmoja alisema ukifumba jicho picha yote inaharibika na Mhindi harudii, basi tukajizoeza kukaa bila kupepesa mpaka machozi yatoke. Mimi nilicheka pamoja nao. Moyoni nilikuwa nahesabu siku.

Alhamisi sista msimamizi alituita bwenini ili akague nguo. Tulizitandaza vitandani. Alipofika kwangu aliinua blauzi kwa mabega yake, akaigeuza upande mmoja na mwingine. Hakukasirika. Ningefurahi kama angekasirika.

"Nani amekushonea hii?"

Wasichana wote walikuwa wanasikiliza.

"Fundi wa Busia, Sista."

"Basi fundi huyo hajui kazi. Tafuta nyingine."

Aliirudisha kitandani akapita kwa mwenzangu. Nilibaki nimesimama, masikio yakiniwaka. Wakati ule nilijiambia kwamba sikuwa na la kufanya. Ukweli ni kwamba kabla hata hajaniambia nitafute nyingine, tayari nilikuwa nimeshaiona niliyoitaka. Rafiki yangu, binti wa karani wa reli, alikuwa na mbili, na ya pili ilikuwa na vifungo vidogo vya lulu na lesi nyembamba kuzunguka kola. Nilimwomba, akanipa bila kuuliza neno.

Jumamosi Mhindi alikuja na gari dogo, akatundika pazia la kijivu ukutani mwa ukumbi. Alikuwa mzee mpole. Alinigeuza bega kidogo, akaniambia nitazame juu ya kichwa chake. Nje ya dirisha niliuona mwamba wa Tororo ukiwa umefunikwa na mawingu nusu, mvua inakuja. Akajifunika kitambaa chake cheusi. Haikuchukua muda wowote.

Picha zilitoka baada ya wiki sita. Kufikia hapo mvua zilikuwa zimekolea, na mama alikuwa ameanza kutembea huku mkono mmoja umetangulia mbele. Nilimkabidhi picha mlangoni. Aliisogeza karibu na pua, akaiinamisha, akaipeleka kwenye mwanga, akairudisha.

"Naona cheupe," alisema. "Hiki cheupe ni blauzi?"

"Ndiyo, mama."

"Kola imekaa?"

"Imekaa vizuri."

Alitabasamu, akaifuta picha kwa kanga yake ingawa haikuwa na vumbi. Jumapili aliibeba kanisani, akawaonyesha wanawake wenzake. "Tazameni mshono wangu," aliwaambia. "Na walisema sioni." Wanawake walisifu lesi, wakasifu vifungo. Mama alisikia lesi, nikaona uso wake umesita, lakini watu walikuwa wengi na wote wanasema kwa pamoja.

Senge alipokuja aliitazama picha kwa muda mrefu.

"Wifi, umeshona," alisema.

Halafu akanishika kiwiko, akanipeleka nyuma ya jiko.

"Nimesema uongo kwa ajili yako. Sitausema mara ya pili. Mwambie."

Sikumwambia. Nilirudi shuleni kufanya mitihani.

Niliyoyafanya yalinifikia nyumbani likizo ilipoanza. Kwa ajili ya picha ile, jirani mmoja alimletea mama kitambaa cha gauni la komunyo ya kwanza la bintiye. Mama alikipokea kwa furaha, akashona siku nne. Yule jirani alipokuja kulichukua mimi nilikuwepo. Alilikunjua, akalikunja tena polepole, na hakumlaumu mtu. Alisema tu kwamba kitambaa ni cha Nairobi, alitumiwa na mumewe, hajui atapata wapi kingine. Akaondoka nacho kwapani.

Mama alikaa mbele ya cherehani, mikono kwenye mapaja. Baada ya muda akaniita.

"Na ile yako?"

Nilijua anauliza nini.

"Sikuivaa, mama. Nilivaa ya mwenzangu."

Nilisubiri alie au anipige. Hakufanya lolote.

"Siku ile nilikuuliza," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Ungeniambia ningeifumua. Macho ya kufumua nilikuwa nayo bado. Ningeifumua, nikaanza upya."

Nilipiga magoti nikaomba msamaha. Alinigusa kichwa, akasema amesamehe, niende nikatazame maharage yasiungue. Naamini alisamehe kweli. Lakini tangu siku ile hakuniuliza tena kitu chochote ambacho jibu lake lilihitaji macho. Hakuniuliza kama kuna mawingu, wala kama nguo yake ni safi, wala nani anakuja kule njiani. Alimuuliza baba. Baba asipokuwepo alingoja arudi.

Cherehani alimpa senge, kikavushwa mtaro kwa baiskeli. Mimi nilikwenda chuo cha ualimu mwaka uliofuata, na kila nilipofika likizo nilimkuta ameketi pale pale uani, akichambua mchele kwa vidole, haraka na bila kukosea, huku uso wake umeelekea upande mwingine.