Mama Adèle Anasindikiza Ndege

Kila Jumapili, baada ya misa, mama Adèle wa mtaa wa Rwambuzi hupeleka wajukuu wake kutembea uwanja wa ndege, pale familia za Bunia zinaposindikiza watu wao. Adèle hana mtu anayesafiri, na hilo halijawahi kumzuia kulia.

Jumapili iliyopita alimlilia Fabien, kijana aliyekuwa akienda Kinshasa. Alimkumbatia, akamwombea, akamshinda mama mzazi kwa machozi. Upande wa baba wa Fabien walidhani huyu ni wa upande wa mama. Upande wa mama wakadhani ni wa baba. Nani angethubutu kumuuliza mkwe, "Weye ni nani?" Fabien mwenyewe aliona aibu kwamba amemsahau. Basi Adèle akapewa kiti, wajukuu wakapewa Fanta, na kwenye picha akawekwa katikati.

Ndege ilipokwisha kuruka, baba wa Fabien alimkaribia kwa heshima.

"Shemeji, Jumamosi wanaleta mahari ya Gracieuse, mutoto yetu. Tunaomba weye ndiye useme kwa upande wa mama yake."

Adèle akapangusa macho taratibu.

"Nitasema, shemeji. Ila mutume mutu wa pikipiki anichukue. Njia ya kwenu ilibadilika sana."