Aulizwe Anayekohoa

Siku moja bado inanijia, mwanangu, kama ndoto ya alfajiri. Mijakaranda ya Lubumbashi ilikuwa imechanua, na maua yalidondoka nje ya dirisha la wodi yetu ya hospitali, kule mtaa wa Katuba. Ndani, maji ya chupa ya oksijeni yalitokota polepole bila moto. Nilikuwa muuguzi mpya, koti langu limepigwa pasi, na kiburi changu kimepigwa pasi pamoja nalo.

Kitandani alilala Mbuyi, msichana wa sekondari, mwimbaji wa kwaya. Homa, kikohozi, pumzi za juujuu. Tulikuwa tumemtibu malaria, kisha nimonia, na bado alikuwa anatuponyoka. Mama yake ndiye aliyejibu kila swali, kama ilivyo desturi kwetu. Nilipouliza kama binti anavuta kitu, alinikazia macho: "Mutoto wangu iko muntu wa kanisa!" Nikaona aibu, nikaenda kumweleza daktari.

Daktari wetu, mzee wa maneno machache, alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Ni mama yake njo anakohoa? Uulize mutoto."

Maneno hayo yalinichoma. Daktari alimwomba mama akalete uji, akavuta kiti, akainama karibu na binti kana kwamba wanapanga safari. Akamuuliza kama anavuta kitu. Mbuyi akatazama mlangoni. Kisha akanong'ona: "Sigara. Tulianza juzi na barafiki. Musiambie mama."

Daktari hakugomba. Alitazama upya picha ya mapafu, akapima tena, akatueleza kwamba moshi unaweza kuyavimbisha ghafla mapafu ya kijana aliyeanza juzi tu. Akabadilisha dawa. Kesho yake pumzi zilianza kutulia, nami nikalia kwa furaha nyuma ya mlango.

Mbuyi mwenyewe ndiye aliyemwambia mama yake. Mama alikaa na bakuli la uji mkononi, uji ukapoa, kisha akasema, "Kumbe sifa yangu njo ilitaka kukuua."

Mwanangu, mficha maradhi kifo humuumbua. Leo ni shisha, na vile vijiti vya kuvuta mvuke vinavyonukia maembe. Mapafu hayadanganywi na harufu nzuri. Usivute. Na kama umeshavuta, kifua kikakubana, mwambie anayekutibu hata kabla hajakuuliza. Nasi wazazi tukiombwa kutoka nje kidogo, tutoke bila kununa. Mungu akujalie pumzi ndefu, uimbe mpaka uzee kama mimi.