Chumvi ya Moto Jikoni kwa Hawe Nyevu

Chumvi ya mawe ikipata moto kwenye kaango kavu, hulia. Kelele yenyewe si kubwa, ni mipasuko ya chini chini, kisha hutoa harufu ya vumbi lililopigwa na mvua ya kwanza. Kila mwezi, siku ya kwanza, mimi husimama juu ya kaango hilo nimejikunja, mkono mmoja kiunoni, nikingoja ikolee niimimine kwenye kitambaa nijikande tumbo. Wenzangu mnaoujua uchungu huo sina haja ya kuwaeleza. Msioujua, mshukuruni Mungu mnisikilize. Maana chumvi ikianza kulia, kabla maumivu hayajapoa, hofu hunijia kwanza, hofu ileile ya umri wa miaka kumi na miwili, ingawa sasa mimi ni mtu mzima mwenye mtoto.

Tulikaa Kakuyuni, mimi na mama, nyumba ya pili kutoka bomba la maji. Mama alikuwa akifua mashuka kwenye hoteli moja Malindi, akitoka alfajiri na kurudi magharibi, vidole vimenyauka kwa sabuni. Njiani kwenda bombani ulikuwapo mkorosho wa Hawe Nyevu. Hawe kwa Kigiriama ni bibi, na watoto wote tulimwita hivyo ingawa hakuwa bibi wa yeyote kati yetu. Mumewe alikwishafariki, wanawe walikuwa mbali. Maneno yake yalikuwa machache, na tulimdhania mpenda urembo, kwa kuwa kila baada ya wiki chache alijipaka piko kichwani, nywele zikawa nyeusi tititi juu ya uso uliokunjamana. Tulikuwa tukimcheka kwa kificho, tukisema Hawe anatafuta mchumba.

Kwenye tawi la mkorosho ule ilining'inia chupa ya maji meusi, shingoni imefungwa kitambaa chekundu. Hicho kilikuwa kitego, na kila mtoto alizijua habari zake. Ukichuma bila idhini tumbo litakushika, damu itakutoka mpaka ukauke, na hakuna daktari wa kukufungua ila mwenye mti, tena uende kwa miguu yako ukakiri. Mama alikuwa mtu wa kanisa, akisema hayo ni upuuzi mtupu. Lakini na yeye, akipita pale, alishika upande wa pili wa njia.

Likizo ya Desemba mabibo yakaiva, mekundu na ya manjano, harufu yake imejaa njia nzima. Mimi na rafiki yangu Dama tulipita na ndoo zetu, mate yametujaa. Dama akaokota mawili yaliyoanguka. Mimi nikapanda. Nilichuma matatu, nikayafyonza mpaka maji yakanichuruzika viwikoni, na korosho zake nikazitia mfukoni. Midomo iliniwasha lakini roho ilitulia.

Siku ya tatu niliamka na doa la kahawia kwenye sketi. Mliokulia kwenye mikorosho mnajua kwamba maji ya bibo yakiingia nguoni hayatoki mpaka nguo iraruke, kwa hiyo nikadhani nimekalia bibo. Nikaifua kwa sabuni na ndimu, nikajisifu. Adhuhuri doa likarudi, na safari hii lilikuwa jekundu. Kisha tumbo la chini likaanza kunyongwa kama nguo inayokamuliwa, kiuno kikavuta, mapaja yakalegea. Nikakaa chini nyuma ya nyumba, jasho baridi likinitoka, nikajua kimenishika.

Msinicheke. Hakuna aliyekuwa ameniambia lolote. Nilikuwa mdogo wa umbo, na mama alikuwa akingoja nikue kidogo ndipo anieleze. Shuleni tulikuwa tumefika kwenye uzazi wa maua. Wasichana wakubwa nilikuwa nawasikia wakisema wako mwezini, nami nikadhani ni aina ya uchovu.

Nilimwambia Dama peke yake. Akarudi nyuma hatua mbili. Nikamuuliza mbona yeye haumwi, na yeye pia alikula.

"Mimi niliokota," akasema. "Wewe ulichuma."

Nikarudi nyumbani peke yangu, nikajilaza mkekani.

Mama aliporudi magharibi akanikuta nimejikunja mkekani. Nikamdanganya kuwa nimekula maembe mabichi. Akasema, "Mficha maradhi, kifo humuumbua," kisha akaenda kuponda tangawizi. Aliichemsha mpaka maji yakawa ya manjano, akatia sukari kidogo, akanisimamia nikamaliza kikombe huku koo linaniwaka. Baada ya muda maumivu yakashuka. Hapo ndipo nilipoogopa zaidi, kwa sababu Dama alikuwa ameniambia kwamba kitego hucheza nawe mchezo wa paka na panya, hukuachia kidogo ukadhani umepona, kisha hukurudia. Na kweli, asubuhi yalinirudia. Mama alikwisha kwenda kazini. Nililia nikimfikiria atakavyorudi na vidole vyake vile, apige hodi, asipate wa kumfungulia.

Basi nikazifunga zile korosho tatu kwenye kipande cha kitambaa, nikaenda kwa Hawe Nyevu kwa miguu yangu, kama sharti lilivyotaka. Kila baada ya hatua chache nilisimama nikashika mti. Nilimkuta jikoni, kibanda cha makuti kando ya nyumba yake, amekaa kwenye kibao mbele ya mafiga. Nikapiga magoti.

"Shikamoo, Hawe. Ni mimi niliyechuma mabibo yako. Kitego kimenishika, natoka damu. Nifungue, Hawe, nisife."

Nilitazamia anitukane. Hakunitukana, wala hakucheka. Aliinuka, akaenda mlangoni, akaitazama njia upande huu na upande ule, akausukuma mlango ukafunga.

"Umemwambia nani?"

"Dama."

"Na mwengine?"

"Hakuna, Hawe."

Akavuta pumzi. Alipoinama kuitazama sketi yangu niliona mikono yake ikitetemeka, nikasema moyoni kuwa ni uzee. Akaniuliza tumbo linauma juu au chini, na damu imeanza lini. Nilipomjibu, uso wake ukalainika kidogo.

"Mwanangu, umevunja ungo. Hii ni hedhi. Mama yako anaipata, nami niliipata mpaka nikaichoka. Haina kitego hii."

Kisha akateleka kaango, akamimina chumvi ya mawe, ikaanza kulia. Aliifunga kwenye kipande cha leso kuukuu, akakijaribu kwanza kwenye mkono wake mwenyewe kisiniunguze, akanikanda chini ya kitovu, kisha kiunoni, polepole, akikihamisha kila kilipochoma. Nilihisi kile kilichokuwa kimenikamata tumboni kikifungua vidole kimoja kimoja. Akanipa kitambaa safi na kunionyesha namna ya kukivaa. Akanifundisha kuchanganya tangawizi na mdalasini, kuoga maji ya vuguvugu, kutembeatembea badala ya kulala siku nzima. "Na damu ikizidi, au uchungu ukatae kushuka," akasema, "usije kwa kizee, nenda zahanati." Nilipomuuliza kuhusu chupa, alisema ndani yake mna maji na masizi ya sufuria, basi.

Nilikuwa naanza kusinzia kwa raha aliponigusa bega.

"Inuka. Nenda kwa kina Dama, mwambie ni hedhi. Sasa hivi."

Iliniuma. Jambo la siri namna ile, nikalitangaze? Nikamwambia naona haya.

"Haya itapita. Nenda, mwanangu." Sauti yake ilikuwa inakatika, nikadhani bado ana hasira za mabibo.

Akanifunga ule mzigo wa chumvi tumboni chini ya nguo, nikatoka. Njiani nikaanza kutunga hadithi nzuri zaidi. Ningesema kwamba Hawe alinifungua, kwamba alinong'oneza maneno kwenye chupa na maji yakachemka bila moto. Habari kama hiyo ingenipa heshima bombani mpaka shule zifunguliwe. Hedhi ingenipa nini?

Kwa kina Dama nilimkuta mjomba wake, Karisa, amekaa kizingitini akinoa panga, na vijana wenzake wawili wamemzunguka. Dama alikuwa nyuma yao na hakuweza kunitazama. Kumbe alikwisha kusema.

"Wewe ndiye uliyerogwa na yule kizee?" Karisa akauliza.

Hadithi yangu ilikuwa kwenye ncha ya ulimi. Lakini chumvi ilikuwa bado ya moto tumboni mwangu, na nikaona aibu kumsingizia mtu ambaye joto lake bado ninalo.

"Sikurogwa," nikasema. "Ni hedhi. Nimevunja ungo."

Mmoja akakohoa. Karisa akatazama miguu yake, akasema haya, nenda kwa mama yako. Nilikimbia nikilia kwa fedheha, na magharibi nikamweleza mama yote. Alinikumbatia kwanza, kisha akanipiga kofi moja la mabibo.

Kesho yake chupa haikuwapo mtini. Msimu ule watoto waliusafisha mkorosho wote, na Hawe Nyevu hakusema neno. Nikadhani ameniogopea mimi, asije akanitisha tena.

Nilikuwa kidato cha tatu nilipopita penye kilio katika kijiji jirani. Mzee mmoja alikuwa amekatwa kwa mapanga shambani kwake, akidaiwa ni mchawi. Kosa lake lilikuwa mvi, na mtoto wa jirani aliyeumwa tumbo, na mtu mmoja aliyesema neno. Nilisimama pale barabarani na vitabu vyangu, na moja baada ya jingine yakanirudia: piko la kila wiki chache, mlango uliofungwa, mikono ile, swali lile. Panga la Karisa. Siku zote zile nilidhani kuna mtu mmoja tu aliyekuwa hatarini, naye ni mimi.

Hawe Nyevu alifariki kwa uzee wake, kitandani pake, mama akimshika mkono. Nashukuru kwa hilo kuliko ninavyoweza kusema.

Binti yangu ana miaka tisa. Juzi nilimkalisha jikoni nikamweleza kila kitu: damu, uchungu, tangawizi, na kwa nini chumvi hukaangwa kavu. Shoga zangu wakaniambia nimemwahi mno, mtoto bado mdogo. Huenda. Lakini mimi nilisimama mbele ya mlango wa kina Dama sijui kitu, na roho ya mtu ilikuwa kinywani mwangu, nami nilikuwa nafikiria hadithi ipi itapendeza zaidi.